Marehemu kwa Madhumuni ya Malipo

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumatatu tarehe 5 Januari, watu sitini na mmoja wasioumwa chochote walikuwa wamelala vitandani katika Hospitali Kuu ya nchi yetu. Niliwahesabu mara mbili. Juu ya mlango wa wodi yao pameandikwa kwa rangi ya kijani WALIOPONA, na ndiyo wodi pekee yenye walinzi wawili na seng'enge madirishani. Wodi za wanaoumwa hazina seng'enge. Haijawahi kutokea sababu.

Daktari haingii humo, kwa kuwa hana kazi. Wanaopita kitanda kwa kitanda kila asubuhi ni wahasibu wanne waliovaa makoti meupe, na nyuma yao muuguzi mmoja aliyebeba kikokotoo kwenye sinia. Mhasibu mkuu husimama miguuni mwa mgonjwa, husoma karatasi iliyoning'inia pale, kisha huuliza kwa upole, "Leo unajisikiaje?" Jibu sahihi ni kiasi cha fedha. Kwa kila siku ambayo mtu hana jibu sahihi, shilingi elfu kumi na mbili za kitanda huongezwa kwenye ankara iliyomshinda, ili aweze kuilipa.

Mimi ni Afisa Takwimu Daraja la Pili katika Idara ya Ankara za Wagonjwa. Jina langu ni Anaseli Shekiondo. Ninaandika nilichokiona na nilichokihesabu, basi.

Kitanda namba 47 alilala Bi. Sikudhani Mkwizu, fundi cherehani, umri miaka hamsini na minne. Alitolewa mawe kwenye mfuko wa nyongo tarehe 3 Desemba na akaandikwa amepona tarehe 11. Ankara yake asubuhi hiyo ilikuwa shilingi milioni moja laki nane na elfu sabini. Ni mdogo wake mama yangu mzazi. Ukweli huo haukuathiri hesabu.

*

Zamani kazi ya Idara ilikuwa rahisi. Mgonjwa aliposhindwa kulipa, jamaa zake walileta kitu: hati ya shamba, baiskeli, mabati, mbuzi. Nyuma ya jengo la ankara lilikuwepo banda la mbuzi kumi na tisa, na mmoja alipozaa, mtoto wake aliandikwa kwenye daftari kama riba. Familia moja iliacha bibi. Walisema watarudi kumchukua Ijumaa. Baada ya miaka miwili bibi huyo alipandishwa cheo, na leo ndiye msimamizi wa jiko.

Kisha zikaja simu, na tabia za wagonjwa zikabadilika. Siku hizi hakuna anayeleta kitu. Jamaa wa mgonjwa hupiga picha ankara, hufungua kundi kwenye simu, huwaingiza ndugu, majirani na watu aliosoma nao, huiweka ile picha, halafu husubiri. Banda likabaki tupu. Mapato ya Idara yakashuka kwa asilimia arobaini na nne.

Serikali ilichukua hatua kwa kumteua Mkurugenzi mpya, Bwana Hebroni Lukindo, aliyetokea Mamlaka ya Maegesho ya Magari. Siku yake ya kwanza alitembelea Wodi ya Waliopona, akainama, akachungulia chini ya kitanda.

"Vina magurudumu hivi?" aliuliza.

"Vina magurudumu, Mheshimiwa."

"Basi tunajua la kufanya."

Vitanda sitini na kimoja vikafungwa minyororo ya tairi, ile ya rangi ya njano. Mwanasheria wa hospitali alifafanua kwamba kilichofungwa ni kitanda, si mgonjwa, kwa hiyo katiba haikuguswa.

Minyororo haikuongeza mapato. Ndipo nikaagizwa nifanye utafiti.

*

Niliwasilisha utafiti huo saa nne asubuhi, Jumatatu hiyohiyo, mbele ya Mkurugenzi na wakuu saba wa vitengo. Nilikuwa nimechunguza makundi mia mbili na kumi na manne ya simuni. Kundi linalochangia mgonjwa hukusanya, kwa wastani, asilimia kumi na moja ya lengo katika siku ishirini na tatu. Sehemu kubwa ya majibu ni "Poleni sana", "Tuko pamoja" na picha ya viganja vilivyounganishwa. Kundi lilelile, watu walewale, mgonjwa anapofariki, hukusanya asilimia mia moja na kumi na nane ya lengo katika saa hamsini na mbili.

Mkurugenzi aliniomba nirudie tarakimu ya mwisho. Nikairudia.

"Wanazidisha?"

"Wanazidisha, Mheshimiwa. Kwenye msiba kila anayetoa huandika jina lake na kiasi kwenye orodha, kisha orodha hunakiliwa na kutumwa tena. Anayefuata huona mwenzake katoa ngapi. Na asiyetoa huonekana kwa kutoonekana."

"Na kwenye ugonjwa?"

"Kwenye ugonjwa hakuna orodha. Kila mtu hudhani mwenzake ametoa."

Alivua miwani. "Sasa niambie kwa kifupi, bwana takwimu. Tatizo letu hasa ni nini?"

"Kwa kifupi, Mheshimiwa, tatizo ni kwamba wagonjwa wako hai."

Nilisema hivyo kama matokeo ya utafiti. Katibu wa kikao aliandika kwenye muhtasari kama pendekezo, akaweka jina langu mbele yake. Nilipewa muhtasari niuhakiki. Niliuhakiki tahajia.

Saa nane mchana ulitoka Waraka Namba 3. Mgonjwa aliyepona na asiyelipa anaweza, kwa maandishi, kuhamishwa kutoka orodha ya wagonjwa kwenda orodha ya "marehemu kwa madhumuni ya malipo". Jamaa wa karibu anatia saini. Kundi linaarifiwa. Rambirambi zikifika lengo la kundi na ankara ikalipwa, marehemu anaachiwa kupitia lango la mochwari, ambalo kwa mujibu wa kanuni ndilo lango la marehemu wote. Ni marufuku kwa mtumishi yeyote kuwaeleza wafiwa jambo ambalo lingeweza kupunguza majonzi yao kabla ya malipo kukamilika.

Ilibidi tuanze na mgonjwa mmoja wa majaribio. Nilitakiwa kupendekeza mwenye kundi la ukubwa wa kati, ahadi chache, na jamaa wa karibu anayepatikana kwa urahisi. Vigezo vyote vitatu vilimwangukia kitanda namba 47. Kundi lake liliitwa Tumsaidie Dada Sikudhani, lilikuwa na watu sitini na watatu bila kumhesabu yeye, na katika siku ishirini na tano lilikuwa limekusanya shilingi elfu tisini na sita na mia tano kutoka kwa watu kumi na wanne.

Mimi nilikuwa mmoja wa wale sitini na watatu. Sikuwa mmoja wa wale kumi na wanne. Nilikuwa nimepanga kutoa mwisho wa mwezi. Mwezi uliisha.

*

Jumanne saa tano asubuhi nilikwenda kitandani kwake na fomu. Alikuwa akila uji, na mapajani mwake palikuwa na pazia la hospitali alilokuwa akilikunja pindo kwa mkono. Tangu apone alikuwa ameshona mapazia yote ya wodi hiyo. Kazi hiyo haikupunguzwa kwenye ankara. Hakuna safu yake.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Umekuja kama mwanangu au kama ofisi?"

"Kama ofisi, mama mdogo."

"Basi kaa kwenye kiti cha ofisi."

Hapakuwa na kiti. Nilisimama.

Nikamsomea Waraka Namba 3 wote, pamoja na viambatisho. Alisikiliza bila kuacha kushona. Nilipomaliza akakata uzi kwa meno.

"Ngoja nielewe, Anaseli. Nikiwa mzima sitoki. Nikiwa mgonjwa sitoki. Nikifa natoka."

"Kwa maandishi tu."

"Na wenzio wamekubali kwamba hii ni akili?"

"Imepitishwa na wakuu saba wa vitengo."

"Saba." Alitikisa kichwa. "Nikifa, nitatoka baada ya muda gani?"

"Wastani ni saa hamsini na mbili."

Alihesabu kwa vidole, akitumia mkono wenye sindano. Nilijua anahesabu nini. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu tarehe 12. Kabla ya kulazwa alikuwa amepokea oda za sare arobaini na tatu za Shule ya Msingi Mlimbo, na wazazi walishalipa nusu. Vitambaa vilikuwa chini ya kitanda chake nyumbani, vimekatwa, vimefungwa kimoja kimoja na majina ya watoto. Nusu hiyo ya malipo ndiyo iliyokuwa imelipia kipimo cha kwanza. Asipoishona kazi hiyo hana cha kurudisha, na mtaa ule una mafundi wengine wanne.

"Watoto arobaini na watatu," alisema. "Watasimama mstarini na nguo za mwaka jana, mikono imetokeza mpaka hapa, na mama zao watasema Sikudhani kala hela zetu. Hapana. Niueni leo Jumanne niwahi Alhamisi."

"Nitatia saini mimi kama jamaa wa karibu."

"Nani mwingine? Wewe ndiye uliyesoma."

Sare zangu za shule, tangu darasa la kwanza hadi kidato cha nne, alizishona yeye na hakutoza. Nalitaja hili kwa sababu ni la kweli. Nilitia saini mahali pawili.

"Watu wataambiwa baadaye?" aliuliza nilipokuwa nakunja karatasi.

"Ipo fomu ya masahihisho. Hushughulikiwa ndani ya siku tisini."

"Siku tisini mfu," alisema, akatunga tena uzi. "Haya. Mwambie kaka Semvua asinunue jeneza la bei mbaya."

Nikamkumbusha kwamba Waraka hauniruhusu kumwambia mjomba chochote.

*

Tangazo liliingia kwenye kundi Jumanne saa tisa kamili alasiri. Saa tisa na dakika moja jina la kundi lilibadilishwa kuwa Msiba wa Dada Sikudhani. Mjomba Semvua, kaka yake mkubwa, alijitangaza mwenyekiti wa kamati ya mazishi na kutaja lengo: milioni tatu na laki mbili, pamoja na ankara ya hospitali, jeneza, maturubai na chakula. Saa tisa na dakika nne orodha ikaanza. Namba moja: Semvua Mkwizu, laki moja na nusu, imetumwa. Kwenye ugonjwa alikuwa ametoa elfu tatu.

Simu yake marehemu haikuwa naye. Simu za waliopona huhifadhiwa kwenye dirisha la malipo kama dhamana, kwa hiyo ilikuwa kwenye droo ya tatu kutoka mlangoni, imechajiwa, ikipokea kila salamu ya rambirambi kwa mlio mfupi.

Watu waliandika mambo ambayo hawakuwa wameyaandika wiki tatu zilizotangulia. Alikuwa mchapakazi. Alinishonea gauni la kipaimara kwa mkopo na hakunidai. Mtu wa watu. Binamu mmoja anayefanya kazi bandarini, aliyejibu picha ya ankara kwa viganja vilivyounganishwa, alituma laki mbili na kuomba radhi kwa uchache wake.

Saa mbili na dakika ishirini usiku orodha ilikuwa imefika namba ishirini na tisa. Nilikuwa sebuleni kwangu. Mke wangu, Leokadia, alikuwa akiisoma kwenye simu yake.

"Mbona wewe humo?"

"Nitatoa."

"Mama yako mdogo, Anaseli. Mpaka yule jirani muuza mkaa yumo."

Nilijua yuko hai. Nilikuwa nimemwona saa tano akila uji. Nilijua pia kwamba fedha hiyo ingeingia kwenye akaunti ya Idara yangu, nami nalipwa mshahara kutoka humo. Nikatuma elfu sitini na kujiandika namba thelathini. Masikio yangu yalikuwa ya moto. Sikuwa na kipimo cha kuthibitisha.

Jumatano jioni ukoo ulikaa kugawana vitu vya marehemu, kwa kuwa waliotoka mbali walitaka kuwahi mabasi. Vilikuwa vichache. Sufuria zilikwenda kwa shangazi, godoro kwa binamu wa bandarini. Cherehani, Mjomba Semvua alisema, iende kwa Anaseli, maana ndiye aliyesimama na marehemu hospitalini mpaka mwisho.

Kukataa kungehitaji maelezo, na maelezo yalikuwa marufuku. Niliipokea kwa mikono miwili, kama desturi inavyotaka, na watu wawili waliguswa wakalia.

*

Lengo lilipitwa Alhamisi, saa nane na dakika arobaini mchana. Saa arobaini na saba na dakika arobaini tangu tangazo: rekodi. Jumla, milioni tatu laki saba na elfu sabini na sita, sawa na asilimia mia moja na kumi na nane. Tarakimu ilikuwa sawasawa na ya utafiti wangu. Nilitumwa kwenye lango la mochwari kushuhudia na kuandika saa ya kutoka.

Msimamizi wa mochwari, Bwana Pazi Mwinjaka, ni mtumishi makini wa miaka thelathini. Alisoma kibali, akamtazama Bi. Sikudhani aliyesimama mbele yake na furushi la nguo, akasoma tena kibali.

"Imeandikwa kutoa mwili."

"Ndio huu," alisema mama mdogo.

"Miili haitoki kwa miguu, bibi. Wanaoingia hapa wamelala, wanaotoka wamelala. Mimi nitaandika nini?"

"Andika nimeharakishwa."

Bwana Pazi alinigeukia. Nilimwonyesha kifungu cha sita cha Waraka, pamoja na stakabadhi ya siku tatu za jokofu, elfu tisini, ambazo nazo zilikuwa zimelipwa. Stakabadhi ilimtuliza. Akagonga mhuri. Alimwomba tu apite upande ule wenye kivuli, waliofiwa wengine wasimwone wakapata matumaini.

Nje ya lango lilisimama gari la kubebea jeneza. Mjomba Semvua alikuwa ameegemea mlango wa nyuma, kitambaa cheusi kimefungwa mkononi. Alimwona dada yake akija. Hakukimbia, wala hakulia. Alitazama jeneza, akamtazama dada yake, akatazama tena jeneza.

"Sikudhani," alisema hatimaye. "Wali umeshaiva."

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Ilimtoka yenyewe. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe ulijua."

"Nilijua, mjomba."

"Jana ulipopokea cherehani?"

Nilitazama saa na kuandika: mwili umetoka saa tisa na dakika tano.

Bi. Sikudhani alikaa mbele, kati ya dereva na kaka yake. Furushi lake likawekwa ndani ya jeneza ili lisidondoke njiani. Mimi nilikaa nyuma pamoja nalo. Alikuwa amerudishiwa simu yake na njia nzima alikuwa akisoma kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma bei.

"'Pengo lako halizibiki.' Huyu ni Modesta. Nilimpigia simu tarehe 10 Desemba nikamwomba elfu tano. Alisema mtandao unasumbua."

Mjomba alitazama barabara.

"'Dada yangu, kwa nini hukutuambia unaumwa?' Hii hapa juu yake ni picha ya ankara. Imetumwa mara kumi na moja."

Dereva alizima redio, ingawa ilikuwa haijawashwa vizuri.

*

Nyumbani palikuwa na maturubai mawili, viti mia moja na hamsini vya kukodi, na wanawake waliovaa vitenge vya aina moja vilivyonunuliwa kwa ajili ya siku hiyo. Gari liliposimama kilio kilianza upande wa jikoni. Kilipofika upande wa mbele, ambako watu walikuwa wamemwona akishuka, kilikatika kipande kwa kipande, mpaka akabaki mama mmoja asiyeona vizuri, naye akanyamazishwa kwa kuguswa bega.

Hakuna aliyemkumbatia. Naandika hili kwa sababu nililitarajia. Watu waliinamisha nyuso na kutazama viatu vyao. Binamu wa bandarini alirudi nyuma ya nguzo ya turubai, ambayo ni nyembamba kuliko yeye.

"Kaeni, mle," alisema Bi. Sikudhani. "Chakula mmekilipia."

Wakala. Nimehudhuria misiba mingi. Sijawahi kusikia vijiko vikigonga sahani kwa uwazi namna ile. Yeye aliingia chumbani kwake, na baada ya dakika moja akatokea tena mlangoni.

"Godoro halipo, nitalala chini, si neno. Vitambaa vipo. Cherehani yangu iko wapi?"

Watu mia na arobaini walikuwepo. Mjomba Semvua ndiye aliyejibu, akitazama sahani yake.

"Iko kwa Anaseli."

"Anaseli mwanangu?"

"Anaseli wa ofisi," alisema mjomba.

Tulitembea kwenda kwangu, mimi na yeye, mwendo wa dakika kumi na nane. Leokadia alikuwa ameifunika cherehani kwa kitambaa cheupe cha kufuma, akaweka televisheni juu yake. Alipomwona mgeni alikuwa na jagi la maji mkononi, na jagi halikuanguka. Alilishika kwa mikono yote miwili.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mama. Umeitunza vizuri. Nisaidie kutoa hiyo televisheni."

Nilibeba cherehani kichwani kurudi kwake. Ina kilo kumi na moja na nusu. Maturubai yalikuwa bado hayajateremshwa, kwa hiyo nilipita nayo katikati ya viti, na watu waliacha nafasi.

*

Ijumaa saa nne Waziri mwenye dhamana alizungumza na waandishi wa habari katika ukumbi wa hospitali. Alisema wanaodai kwamba Serikali inaua wagonjwa ni wapotoshaji. "Serikali haiui mtu," alisema. "Kila raia ana tarehe yake. Serikali inaisogeza tu, kwa urahisi wa malipo." Mkurugenzi Lukindo alitunukiwa cheti. Nami nilitajwa kwa jina kama mbunifu wa utaratibu, nikaombwa nisimame ili nionekane. Nilisimama. Mchana huo wagonjwa sitini waliobaki wakahamishwa orodha kwa mkupuo mmoja.

Lakini habari za kitanda namba 47 zilikuwa zimeshaenea, na tabia za wagonjwa, au tuseme za walipaji, zikabadilika tena. Kufikia Jumamosi saa tatu asubuhi makundi sitini ya msiba yalikuwa yamekusanya asilimia nne ya malengo. Watu walijibu, "Tusubiri kidogo." Wengine waliomba video.

Usiku wa kuamkia Jumamosi, mzee mmoja wa wodi ya kifua, Abinala Ngoda, alikuwa amefariki kweli. Mwanawe alituma tangazo alfajiri. Kundi lao lina watu themanini na wanane. Hadi saa sita mchana lilikuwa na majibu arobaini na moja, yote ya viganja vilivyounganishwa, na jibu moja lililouliza, "Nani amemgusa?" Mwanawe alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya ofisi yangu. Aliniuliza kama ipo fomu ya kuthibitisha kwamba baba yake hatarudi. Nilimjibu kwamba ipo, ni ileile, na kwamba tatizo ni hilo.

Mkurugenzi aliniagiza nifanye utafiti mpya. Nilitoka ofisini saa nane bila kuaga, na nikaenda kwa mama mdogo.

*

Alikuwa anashona sare ya ishirini na nane. Aliniangalia juu ya miwani.

"Unajua kutia vifungo?"

"Ulinifundisha."

Nilitia vifungo kwa saa moja na nusu. Kisha akanipa simu yake na karatasi kubwa ya kukatia mitindo, upande usioandikwa.

"Wewe ni mtu wa takwimu. Nichoree."

"Nichore nini?"

"Majina sitini na matatu. Pembeni safu mbili. Ya kwanza uandike nilipougua. Ya pili uandike nilipokufa. Kila mtu na chake. Usiongeze neno, wala usipunguze."

Nilipiga mistari kwa rula yake ya fundi. Kazi hiyo ilinichukua dakika hamsini, maana nilikagua kila tarakimu kwenye stakabadhi. Kwenye safu ya kwanza palikuwa na sifuri arobaini na tisa. Kwenye safu ya pili hapakuwa na hata moja. Nilipofika namba thelathini aliacha kukanyaga cherehani. Niliandika jina langu, sifuri, kisha elfu sitini. Mwandiko wangu hapo hautofautiani na wa mistari mingine, nimeutazama tena.

Saa kumi na moja kasorobo aliibana karatasi ukutani juu ya cherehani kwa pini nne, mahali ambapo kila anayekuja kuchukua sare lazima asimame.

Wa kwanza kusimama alikuwa Mjomba Semvua, aliyekuja kuchukua sare ya mjukuu wake. Alivua kofia. Alisoma kuanzia juu, polepole, mpaka namba sitini na tatu, kisha akarudi juu kwenye namba moja.

"Hii utaibandua lini?" aliuliza.

"Nikifa tena, kaka."

Alilipa salio la sare, akaenda. Saa kumi na moja na dakika ishirini alirudi, kwa sababu sare yenyewe alikuwa ameisahau juu ya meza. Aliichukua bila kuinua macho.